Hospitali ya mabaharia na mgonjwa asiye na barua

Mwaka 1991 nilikuwa na umri wa miaka kumi nilipoingia mjini Mbarara kwa mara ya kwanza, nikiwa nimeketi juu ya magunia ya maharagwe. Lori lilikuwa limetoka Nakivale alfajiri. Nilikuwa na baba mdogo, ambaye alinunua maharagwe kwa wakimbizi wenzetu na kwenda kuyauza mjini. Kabla hatujafika Kabingo alikuwa ameanza kutetemeka. Tulipofika Mbarara hakuweza kushuka mwenyewe.

Wapakuzi walimbeba hadi kwenye zahanati moja ya mtu binafsi karibu na soko. Jina lake silitaji. Aliyekuwa mlangoni hakuuliza mgonjwa anaumwa nini. Aliuliza maswali mawili tu: "Mmetoka wapi?" na "Nani hapa mjini anawajua?" Tulipojibu kwamba tumetoka Nakivale, akadai barua ya mkuu wa kambi au mtu wa mjini wa kutudhamini. Barua hatukuwa nayo, na mtu hatukuwa naye.

Usiku ule tulilala barazani kwenye ghala la nafaka. Baba mdogo alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka, akimwita mama yake aliyekwisha kufa. Kulipopambazuka, mama mmoja muuza uji alituona. Alimwita kijana mwenye baiskeli, wakampakia mgonjwa nyuma, mimi nikishika mguu wake usiburuzike, hadi hospitali kubwa ya serikali. Huko hakuna aliyedai barua. Alitundikiwa dripu ya kwinini, akalazwa siku sita, akapona. Lakini tangu wakati ule sikio lake la kushoto halisikii vizuri.

Swali la yule mtu wa mlangoni limenifuata kwa zaidi ya miaka thelathini: "Nani anawajua?" Kila aliyewahi kuishi ukimbizini ameulizwa swali hilo. Kila mfanyabiashara wa mpakani aliyewahi kuugua katika mji usio wake ameulizwa pia.

Miaka michache iliyopita, nikiandaa somo la historia kuhusu ugonjwa wa malale, nilijikuta nafuata uzi ambao sikuutarajia. Uzi huo ulianzia katika hospitali moja ya mabaharia mjini London, ukapita Entebbe, ukafika hadi Nakivale na Mbarara. Nilishangaa kuona kwamba hospitali hiyo ilianzishwa kwa sababu ya swali lile lile tuliloulizwa sisi mlangoni.

Barua ya mfadhili

Mwanzoni mwa karne ya 19, hospitali nyingi kubwa za London ziliendeshwa kwa michango ya matajiri. Kila mfadhili alikuwa na haki ya kuandika barua ya kumpendekeza mgonjwa fulani apokewe. Ukiwa maskini lakini unajulikana na tajiri mmoja mtaani kwako, ulipata kitanda. Kama hujulikani, ulibaki nje, isipokuwa umevunjika mguu au umepatwa na ajali nyingine ya ghafla.

Sasa fikiria baharia. Maisha yake yapo majini. Akiteremka bandarini London hana mtaa, hana jirani, hana mfadhili. Pengine hata lugha ya mji haijui. Anaumwa homa aliyoipata nchi za mbali, na nahodha ameshamlipa na kumtoa kwenye orodha. Nani atamwandikia barua?

Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, hali ilizidi kuwa mbaya. Maelfu ya mabaharia waliachishwa kazi. Majira ya baridi ya mwaka 1817 kuingia 1818, wengi walionekana wakizurura mitaani London bila chakula wala mahali pa kulala. Askari wa majini wa serikali walikuwa na hospitali zao. Baharia wa meli za biashara hakuwa na kitu.

Ndipo watu wa hisani, miongoni mwao William Wilberforce aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, walipochangishana fedha. Mwaka 1821 wakaunda Chama cha Hospitali ya Mabaharia. Kanuni yao kuu ilikuwa nyepesi kuelewa: baharia mgonjwa apokewe mara moja, wa taifa lolote, bila barua ya mtu yeyote.

Meli iliyogeuzwa wodi

Chama hakikuwa na jengo. Kilipewa na serikali meli kuukuu ya kivita iitwayo Grampus, ikafungwa nanga katika Mto Thames mbele ya Greenwich, na vyumba vya mizinga vikageuzwa wodi. Wagonjwa waliletwa kwa mashua ndogo moja kwa moja kutoka kwenye meli zao. Kwa watu wa majini lilikuwa jambo la akili. Hospitali iliwafuata mtoni, mahali pao pa kazi, badala ya wao kuitafuta mjini.

Mwaka 1831 Grampus ilikuwa imeshindwa kubeba idadi ya wagonjwa, ikaletwa meli kubwa zaidi, Dreadnought. Hii ilikuwa meli ya mizinga 98 iliyopigana katika vita vya Trafalgar mwaka 1805. Jina lake maana yake ni "asiyeogopa kitu". Jina hilo liliwakaa mabaharia mdomoni kiasi kwamba meli ya tatu ilipoletwa mwaka 1857, iliyokuwa ikiitwa Caledonia, nayo ilibatizwa upya ikaitwa Dreadnought.

Tusiipambe hospitali hiyo kupita kiasi. Meli ya mbao ni mahali pabaya pa kuuguzia watu. Hewa ilikuwa nzito, unyevunyevu haukuisha, na vidonda viliambukizana. Mwaka 1870 hospitali ilihamishiwa nchi kavu, katika jengo la Greenwich kandokando ya mto ule ule. Jina la Dreadnought likahamia nalo.

Waliolala katika vitanda vile hawakuwa Waingereza peke yao. Walikuwamo Wazungu wa mataifa mengi, Wahindi, Wachina na Waafrika. Tukumbuke kwamba zilipokuja meli za moshi, vijana wa pwani yetu, kutoka Zanzibar na kwingineko, waliajiriwa kuchochea makaa ya mawe katika joto ambalo wengine hawakuliweza. Waingereza waliwaita "Seedies". Kijana wa aina hiyo akiugua London, alikuwa mgeni kuliko wageni wote.

Darasa bandarini

Mwaka 1890 chama kilifungua tawi katika gati jipya la Royal Albert, mashariki mwa London, mahali ambapo meli za Asia na Afrika zilitia nanga. Hapo ndipo historia ilipogeuka.

Wagonjwa wa tawi hilo walileta magonjwa ambayo madaktari wengi wa London hawakuyazoea: malaria, beriberi, matende na homa nyingine za nchi za joto. Daktari aliyewahudumia alikuwa Patrick Manson, Mskoti aliyefanya kazi miaka mingi nchini China. Huko, mwaka 1877, aligundua kwamba vijidudu vya matende huingia katika mbu anapomfyonza mgonjwa. Wakati huo wengi waliona ni jambo la kuchekesha kudhani kwamba mbu ana uhusiano na ugonjwa.

Ni Manson aliyemshauri na kumtia moyo Ronald Ross, daktari wa jeshi nchini India, ambaye mwaka 1897 alikiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Mwaka 1900 Manson alikubali mwanawe mwenyewe aumwe mjini London na mbu waliotumwa kutoka Italia wakiwa na malaria. Kijana akaugua kama ilivyotarajiwa, akatibiwa kwa kwinini. Tangu hapo wasioamini walipungua sana.

Oktoba 1899, ndani ya ile hospitali ya gatini, ilifunguliwa Shule ya Tiba ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya London. Walimu wake walifundishia kando ya vitanda vya mabaharia.

Nikiwafundisha wanafunzi wangu sehemu hii huwa siwafichi jambo. Shule ile haikuanzishwa kwa sadaka tupu. Aliyeisukuma serikalini alikuwa Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, na shabaha yake ilikuwa kuwafanya maofisa, wanajeshi na walowezi wa Kiingereza waweze kuishi Afrika na Asia bila kufa kwa homa. Ukoloni ulihitaji daktari kama ulivyohitaji reli. Hata hivyo, elimu ikishatoka darasani haina mwenyewe.

Malale ya Ziwa Victoria

Haukupita muda elimu ile ikahitajika kwetu. Mwaka 1901 ndugu wawili madaktari, Albert Cook na Jack Cook, wa hospitali ya misheni ya Mengo, Kampala, walianza kupokea wagonjwa wenye dalili za ajabu. Walikuwa wakisinzia mchana, wakidhoofika, wakipoteza fahamu na hatimaye kufa. Ugonjwa ulikuwa umeenea Busoga na kandokando ya Ziwa Victoria. Waganda waliuita mongota. Kiswahili tunauita malale.

Walioshambuliwa zaidi walikuwa watu wa majini: wavuvi, wapiga makasia wa mitumbwi iliyobeba bidhaa na abiria kati ya Buganda na kusini mwa ziwa, wakazi wa visiwa vya Ssese na Buvuma, na wanawake wanaoteka maji. Katika miaka michache zaidi ya watu 200,000 walikufa. Vijiji vizima vilibaki magofu.

Mwaka 1902 tume ya kwanza ya uchunguzi ilifika Entebbe. Ilikuwa na George Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Wawili kati yao, Low na Castellani, walikuwa wamepitia ile shule ya hospitali ya mabaharia. Castellani alichukua maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, akayaangalia kwa hadubini, akaona kijidudu chembamba kinachocheza kama mkia wa samaki. Mwaka uliofuata alifika David Bruce, daktari wa jeshi ambaye alikwisha kuonyesha kule Zululand kwamba mbung'o ndiye anayeeneza nagana ya ng'ombe. Kwa msaada wa Katikiro Apolo Kagwa na machifu waliokusanya nzi kutoka sehemu mbalimbali, ilibainika kwamba mahali penye malale pana mbung'o wa aina fulani anayekaa vichakani kando ya maji.

Hapa tena lazima tuseme ukweli wote. Kujua chanzo hakukuleta dawa. Daktari mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, alipiga kambi visiwani Ssese mwaka 1906 na 1907 akiwachoma wagonjwa sindano za dawa iliyoitwa atoxyl. Baadhi walipata nafuu ya muda, na baadhi wakapofuka. Serikali nayo ilichagua njia ya mkato. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1906, Gavana Hesketh Bell aliamuru watu waondolewe kandokando ya ziwa, na baadaye visiwani, ili mbung'o wasipate wa kumwambukiza. Mvuvi aliambiwa aache ziwa, mpiga makasia aache mtumbwi.

Msomaji uliyewahi kuamriwa kuondoka kwenu asubuhi na mapema utaelewa. Wale nao walikuwa wakimbizi, ingawa hakuna aliyewaita hivyo.

Nchi iliyoachwa na mbung'o

Nilipokuwa mtoto Nakivale, wazee waliofika mwanzo walitusimulia kwamba walipoletwa huko walikuta nchi tupu: nyasi, miiba, wanyama wa porini na ziwa lenye viboko. Sisi tulidhani Mungu alituwekea nchi ile akiba. Baadaye nilipokuwa mwalimu ndipo nilipojua sababu moja kubwa. Mbung'o, hawa wa nyika ambao ni ndugu wa wale wa ziwani, walikuwa wameenea mashariki mwa Ankole tangu mapema karne ya 20. Ng'ombe walikufa kwa nagana, na wafugaji wakahama na mifugo yao. Hata katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa bado inafyeka vichaka na kuua wanyama wa porini kwa maelfu ili kumnyima mbung'o chakula na kivuli.

Basi, Watutsi walipoanza kukimbia Rwanda mwaka 1959, Nakivale ikawa mahali pa kuwaweka. Makazi yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, na leo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Ukoo wetu uliingia kwa mafungu mawili. Babu alifika mwanzoni. Baba yeye alikuwa amekwisha kutoka, akawa na shamba na ng'ombe nje ya kambi, hadi Oktoba 1982, wakati wa utawala wa Obote, watu wenye asili ya Rwanda walipofukuzwa vijijini Ankole. Nyumba zilichomwa. Wengine walikimbilia mpakani Mirama Hills, na wengine wakasukumwa kurudi makazini. Mimi nilikuwa mtoto wa mwaka mmoja mgongoni kwa mama.

Nilisoma Nakivale hadi mwaka 1994, tuliporejea Rwanda. Darasa letu lilikuwa chini ya mti, na Kiswahili nilijifunza kwa wapakuzi na madereva wa malori. Nimeishi huko muda wa kutosha kujua kwamba katika makazi yale ugonjwa haukubagua nani mkimbizi na nani mwenyeji. Vituo vya afya vya Nakivale vimekuwa vikitibu wote wawili, mkimbizi na mwanakijiji wa Isingiro, katika foleni moja. Wenyeji wamekuwa wakitembea kutoka milimani kuja kutibiwa kambini.

Leo makazi hayo yana zaidi ya watu laki moja: Wakongo ambao ndio wengi, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Ukisimama kituo kikuu cha afya utasikia lugha nyingi kuliko katika bandari. Na Kiswahili ndicho kinachowafanya wengi waelewane na muuguzi.

Mbarara ya leo

Likizo iliyopita nilivuka Mirama Hills nikiwa na baba mdogo. Ni mzee sasa, anafuga ng'ombe wachache Nyagatare. Alitaka kuiona tena Nakivale kabla macho hayajafuata sikio. Tulipitia Ntungamo hadi Mbarara, ambayo tangu Julai 2020 ni jiji. Mto Rwizi tuliuvuka ukiwa wa rangi ya udongo, ukiteremka kuelekea maziwa ya Mburo na Nakivale.

Aliomba tusimame hospitali. Alitafuta wodi aliyolazwa, hakuiona. Kuna majengo mapya, na watu ni wengi.

"Mwanangu, walikuwa vijana wadogo wenye makoti meupe," aliniambia. "Mmoja alinishika mkono akahesabu mapigo mara mbili, kama mtu anayeogopa kukosea."

Bila shaka walikuwa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilifunguliwa mwaka 1989, na udaktari ndio uliokuwa mafunzo yake ya kwanza. Hospitali ya serikali ikawa darasa lao, kama vile wodi za mabaharia zilivyokuwa darasa la kina Low na Castellani.

Na jambo lililonigusa zaidi ni hili. Mwaka 1996 kituo cha utafiti cha Epicentre, cha shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, kilianzisha shughuli zake Mbarara. Mbarara ikawa miongoni mwa vituo vya utafiti mkubwa uliofanyika kati ya mwaka 2005 na 2010 katika nchi tisa za Afrika, kulinganisha kwinini na dawa ya artesunate kwa watoto wenye malaria kali. Watoto 5,425 walihusishwa. Kati ya waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, na kati ya waliopewa artesunate walikufa asilimia 8.5. Ukiwa na watoto mia moja wodini, tofauti hiyo ni watoto wawili au watatu wanaorudi nyumbani na mama zao. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaelekeza watoto wenye malaria kali watibiwe kwa artesunate.

Kwa hiyo leo mgonjwa aliyeletwa Mbarara akiwa katika hali ya baba mdogo, anatarajiwa kupewa sindano bora kuliko dripu ile iliyomfanya asikie kengele kichwani wiki nzima. Na sehemu ya ushahidi ulioleta badiliko hilo ilitoka Mbarara yenyewe, kwa watoto wa hapo hapo.

Malale nayo imerudi nyuma. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeidhibiti ile aina ya malale inayokwenda polepole, na Rwanda imeidhibiti ile aina inayoua haraka, kiasi kwamba si tishio tena kwa afya ya jamii. Shule iliyozaliwa kwenye hospitali ya mabaharia bado ipo, na tangu mwaka 2018 inashirikiana na serikali ya Uganda kuendesha kituo cha utafiti pale pale Entebbe, mahali Castellani alipoweka hadubini yake.

Hospitali yenyewe ya Dreadnought haipo tena. Iliingizwa katika huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, ikafungwa mwaka 1986, na jengo lake sasa linatumiwa na chuo kikuu. Lakini chama cha mwaka 1821 kingali hai, na mabaharia wa Uingereza bado wana utaratibu wao wa kutibiwa haraka katika hospitali nyingine mjini London, kwa sababu meli haimsubiri mgonjwa.

Kitambulisho kinavuka, bima haivuki

Kuna atakayesema hizo ni habari za Wazungu wa zamani. Sivyo. Hata kwetu tuna mfano. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyepata utajiri wake kwa kuandaa misafara ya wapagazi kwenda bara, alitoa fedha ijengwe Dar es Salaam hospitali ya watu wa rangi zote. Alifariki mwaka 1897, akaacha mali isaidie maskini na wagonjwa wa ukoma. Jina lake bado lipo kwenye wodi za Muhimbili. Aliyetajirika kwa miguu ya wasafiri alijua kwamba wasafiri huugua.

Wasafiri wa leo ni sisi. Tangu mwaka 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya anaweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa tu. Kila siku watu wanavuka Kagitumba, Gatuna, Bunagana na Mutukula na maharagwe, viatu, samaki wakavu, vitenge. Kitambulisho kinavuka. Lakini mituweli yako ya Rwanda haivuki. Ukianguka Mbarara, kadi ile ni karatasi tu. Na Mganda akiugua Nyagatare atajikuta katika hali hiyo hiyo.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye watoto watatu shuleni kwetu, aliugulia upande wa pili wa mpaka akiwa safarini kuleta nguo. Alijitibu kwa vidonge vya dukani siku nne, akiogopa gharama na akiogopa kuulizwa maswali. Aliporudishwa nyumbani alikuwa hajitambui. Alipona, lakini mtaji uliishia hospitalini, na mtoto mkubwa aliacha shule muhula mzima. Hakuna mhalifu katika kisa hiki. Kuna mtu aliyekuwa mbali na kwao, basi.

Kwa hiyo nina maombi mawili, moja kwa wasomaji na moja kwa wakubwa.

Ndugu zangu mnaovuka mipaka, msingoje. Homa ikikupata ugenini, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Hospitali na vituo vya afya vya serikali nchini Uganda viliondoa ada mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, hivyo huna sababu ya kulala barazani, japokuwa dawa zikiisha utaambiwa ukanunue nje. Tembea na kitambulisho, na karatasi yenye namba ya simu ya nyumbani, dawa unazotumia na ugonjwa ulio nao kama upo. Kama una kisukari au shinikizo la damu, mwambie mwenzako unayesafiri naye. Msafiri asiyejulikana na mtu hujitambulisha kwa karatasi.

Kwenu wakubwa wa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, mmefungua mpaka kwa mizigo na mmefanya vema. Sasa fungueni na kwa bima. Watu wa London wa mwaka 1821 hawakuwa na simu wala kompyuta, lakini walielewa kwamba mtu anayetembea na biashara ya nchi hawezi kuachwa mlangoni kwa kukosa barua. Sisi tunashindwa nini?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipokuwa mdogo nilidhani maana yake ni kwamba mgeni akija, mwenyeji naye hupata kula nyama. Siku hizi nawafundisha wanafunzi wangu kwa mfano mwingine: mabaharia wagonjwa, wageni wasio na mtu, walipokelewa katika meli kuukuu, na kutokana na kuwatibu wao ikapatikana elimu iliyotibu wenyeji wa London, Entebbe na Mbarara.

Tulipotoka hospitali siku ile, baba mdogo alisimama karibu na soko akatazama huku na huku. Nilidhani anaitafuta ile zahanati. Nikamwambia kwa sauti, upande wa sikio zima, kwamba siikumbuki ilikuwa wapi.

"Siitafuti hiyo," akasema. "Namtafuta yule mama wa uji. Hakuniuliza natoka wapi."